Cherehani kuukuu ni mtaji, si chuma chakavu

Katika nyumba nyingi za vijijini, nyuma ya magunia ya mahindi au uvunguni mwa kitanda, imelala cherehani ambayo haijashona kwa miaka mingi. Ilikuwa ya bibi, au ya baba mkubwa aliyekuwa fundi kwenye baraza ya duka la Mhindi. Leo mkanda wake umekatika, sindano imepotea na kutu imeanza kuingia kwenye gurudumu.

Kisha siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Ada ya shule haijatimia, mavuno bado, na chuma kile kinapimwa, kinalipwa kwa kilo na kupakiwa kwenye mkokoteni pamoja na sufuria zilizotoboka. Hiyo ni hasara, na ubaya wake ni kwamba mwenye mali hajui kama ameipata.

Hesabu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa hasara hiyo. Uchukuliwe mfano tu, wala si bei ya soko: kichwa cha cherehani chenye kilo 12, kikiuzwa kwa shilingi 700 kwa kilo, kinaleta shilingi 8,400. Fedha hiyo inakwisha kabla jua halijatua.

Sasa ichukuliwe kuwa cherehani hiyo hiyo inahitaji shilingi 40,000 kwa ajili ya mkanda, sindano, bobini, mafuta na malipo ya fundi. Kama mwenye nayo atabakiwa na shilingi 2,000 kwa siku baada ya kutoa gharama za uzi na pango, matengenezo yatakuwa yamejilipa kwa siku 20 za kazi. Baada ya hapo chombo kinaendelea kuzalisha. Kila mtu anaweza kuweka bei za mahali pake katika hesabu hii, lakini ni nadra jibu likageuka.

Sababu ya mashine hizi kudumu haina uchawi ndani yake. Cherehani za zamani zilitengenezwa kwa chuma kizito, vyuma vyake vya ndani ni vichache na vinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Hazina plastiki ya kuvunjika wala hazidai umeme. Fundi wa kijiji kisichokuwa na nguzo za umeme anafanya kazi sawa na fundi wa mjini siku ya mgawo.

Nyingi kati ya zile zenye jina la Singer zilitoka katika kiwanda cha Clydebank, huko Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Katika mwaka 1913 pekee kiwanda hicho kilitoa zaidi ya cherehani milioni moja. Herufi K katika namba ya aina, kama vile 15K au 99K, ni alama ya kiwanda hicho. Hata Butterfly ya kutoka Shanghai, inayofahamika sana kwa mafundi wa Tanzania, imefuata muundo wa Singer 15. Ndiyo maana sindano na bobini za aina hiyo hazijapotea madukani.

Kinachopaswa kumfikirisha msomaji ni kwamba huko Uingereza wapo watu walioona thamani hii mapema. Kwa miongo kadhaa, watu wa kujitolea wa shirika la Tools for Self Reliance walikusanya zana na cherehani kuukuu, wakazisafisha, wakazitengeneza na kuzisafirisha hadi Afrika, Tanzania ikiwamo. Wazee waliostaafu Ulaya walikaa na mafuta na bisibisi ili cherehani ya miaka 60 ije ishone sare hapa. Ni jambo la kusikitisha kama kwa wakati huo huo dada yake cherehani hiyo, iliyokuwa tayari kijijini, inapelekwa kuyeyushwa.

Kwa familia ya mkulima faida haiko kwenye kipato peke yake, bali pia katika majira ya kipato hicho. Mkulima wa mahindi au pamba hupata sehemu kubwa ya fedha zake mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Januari shule zinapofunguliwa, akiba imeshuka na shamba linadai palizi. Lakini mwezi huo huo ndio wa sare mpya, viraka na kupunguza suruali za mitumba. Idi na Krismasi nazo zina wateja wao. Kazi ambayo msimu wake mzuri unaangukia katika msimu mbaya wa shamba ni bima ya kaya, hata kama faida yake ya siku ni ndogo.

Hata hivyo, si kila cherehani kuukuu inafaa kununuliwa au kutengenezwa. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kukusanya mashine za namna hii ili azitengeneze na kuziuza anahitaji jicho kabla ya fedha.

Kwanza, azungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, na hilo linatibika. Likigonga mahali pamoja kila linapozunguka, huenda kuna chuma kilichopinda. Pili, atazame mwili wote kama una ufa. Chuma cha aina hiyo hakikubali kuchomelewa kirahisi, na mashine iliyopasuka inafaa kununuliwa kwa ajili ya spea tu.

Tatu, aulize habari ya sindano na bobini. Zipo mashine za kale sana ambazo bobini yake ni ndefu na hukaa ndani ya kifaa chenye umbo la mtumbwi. Kifaa hicho kikiwa kimepotea, kukipata ni taabu. Zipo pia zinazotumia sindano ambayo haipatikani kirahisi madukani. Mashine nzuri isiyo na sindano ni pambo la sebuleni.

Matengenezo yenyewe yanataka subira kuliko nguvu. Vumbi la uzi linatolewa kwa brashi chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Palipoganda panatiwa matone ya mafuta ya taa na kuachwa usiku kucha, kisha gurudumu linazungushwa taratibu huku na huko. Likilegea, mafuta ya taa yanafutwa na kutiwa mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, kwa kuwa hukauka na kunata. Nyundo nayo ikae mbali.

Baada ya hapo kitambaa kinashonwa na kutazamwa pande zote mbili. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, kwa kawaida tatizo liko juu, kwenye visahani vinavyokaza uzi au namna ulivyopitishwa. Wengi wametupa mashine nzima kwa kosa la kupitisha uzi vibaya.

Lipo kosa jingine, la kudhani kwamba cherehani ya kale ni bahati nasibu. Aprili 2009, nchini Saudi Arabia, ulienea uvumi kuwa cherehani za zamani za Singer zina kitu kinachoitwa zebaki nyekundu. Watu walisogeza simu za mkononi karibu na sindano wakiamini kuwa simu ikikatika, mali imepatikana. Magazeti yaliripoti cherehani kutajwa kwa bei ya hadi riyali 200,000. Vyombo vya usalama vilieleza kuwa ni ulaghai. Ndani ya cherehani mlikuwa na chuma na mafuta, basi.

Uvumi wa namna hiyo haukawii kuvuka bahari, na anayeumia ni mtu wa mwisho kununua. Mtu yeyote anayekuja na simu badala ya kitambaa cha kujaribia hatafuti cherehani. Afukuzwe.

Ni kweli wapo wakusanyaji wa vitu vya kale, hasa Ulaya na Marekani, wanaopenda mashine zenye maua yake ya dhahabu yasiyochubuka. Kwao, kupaka rangi mpya ni kuharibu. Lakini kwa kuwa Singer zilitengenezwa kwa mamilioni, umri peke yake hauzifanyi ziwe adimu. Mnunuzi wa uhakika kwa mfanyabiashara wa hapa ni fundi anayetaka mshono ulionyooka, na kipimo chake ni kitambaa.

Hapa ndipo vyama vya akiba na mikopo vinapoweza kusaidia. Tangu miaka ya 1850 kampuni ya Singer iliuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, mteja akilipa huku mashine inafanya kazi. Utaratibu huo unaifaa SACCOS ya kijiji. Mkopo wa kutengeneza cherehani ni mdogo, dhamana yake inaonekana kwa macho, na marejesho yanaweza kupangwa kwa wiki badala ya kungoja mavuno.

Aidha, vyuo vya ufundi stadi, VETA vikiwamo, vinafundisha ushonaji. Ingefaa kila mwanafunzi wa fani hiyo ahitimu akiwa amewahi kuifungua cherehani iliyoganda na kuirudisha kazini kwa mikono yake. Fundi asiyejua kutengeneza chombo chake yuko chini ya huruma ya mwenye spea, na kila siku ambayo mashine imelala ni siku isiyo na mlo wa uhakika.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye cherehani kuukuu ndani ya nyumba aitoe nje, aipanguse, azungushe gurudumu na kumwita fundi aitazame kabla ya kumwita mwenye mizani. Fundi akisema haifai, chuma hakitaoza kwa kungoja wiki moja. Lakini kikishapanda mkokoteni hakirudi, na Januari ijayo sare za watoto zitashonwa kwa cherehani ya mtu mwingine, kwa fedha taslimu.