Daftari la Mhazini katika Nyumba ya Sala

Mtu akiweka nia peke yake chumbani kwamba tangu kesho atasali asubuhi na jioni, atasoma Injili kidogo kila siku, ataipima dhamiri yake kabla ya kulala na atafunga kila Ijumaa, aghalabu nia hiyo haiumalizi mwezi. Wala si kwa sababu mtu huyo ni mnafiki, bali kwa sababu mambo hayo, kwa udogo wake, hayana mtu wa kuyadai. Deni la dukani lina mwenye duka, na ada ya shule ina mwalimu mkuu. Lakini sala ya jioni iliyoachwa haina mdai ila Mwenyezi Mungu, naye katika kudai ni mpole mno. Kwa hiyo dini nyingi hazikumwachia mja mambo haya ayabebe pweke, bali zilimkabidhi jirani sehemu ya mzigo. Waislamu wa Sumbawanga wanaijua hadithi mashuhuri kwamba sala ya jamaa huizidi sala ya mtu mmoja kwa daraja 27. Na Wakatoliki, ambao ni wengi sana katika uwanda huu wa juu wa Ufipa, wana jumuiya ndogo ndogo, na mintarafu ya jumuiya hizo nina neno la kusema.

Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1973, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo vya majirani, na mwaka 1976 wakalirudia shauri hilo kwa mkazo zaidi. Ufipa, hata hivyo, jambo lenyewe lilikuwa kongwe kuliko jina lake. Mapadri Weupe, shirika lililoasisiwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliipokea boma ya Wabelgiji ya Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda hata wakaenea uwandani. Kanuni yao ilikuwa kwamba mtu asibatizwe ila baada ya mafundisho ya miaka minne. Sasa mtu na atazame ramani, aone umbali kutoka ziwani hata milima ya Mbizi, na kutoka Mbizi hata ukingo wa bonde la Rukwa, njia zote zikiwa za miguu na mapadri wenyewe wakihesabika kwa vidole, kisha ajiulize nani aliyefundisha kwa miaka yote minne hiyo, na nani aliyesalisha vijijini padri alipokuwa hayupo, maana kutokuwapo kwake ndiko kulikuwa ada na kufika kwake ndiko kulikuwa tukio. Jawabu ni katekista, na pamoja naye majirani waliokaa jioni wakayakariri Baba Yetu na amri za Mungu kwa sauti moja, mpaka asiyejua akajua bila ya kuaibishwa.

Katika makatekista hao yuko mmoja ambaye habari zake zingestahili kusomwa na watoto wetu wote. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa na wauza watumwa angali mtoto, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akapelekwa Malta kujifunza udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, ambako alikaa hata alipofariki mwaka 1956. Watu humkumbuka kwa dawa zake, na ni haki yao; lakini mimi humkumbuka zaidi kwa jina la kazi yake, daktari na katekista kwa pamoja, na kwa hali ya maisha yake, kwamba hakuwa padri, alikuwa mtu mwenye mke na watoto, mgeni kutoka mbali kuliko wageni wengi, aliyeishi katikati ya watu kwa muda wa miaka 67. Ziko nchi ambako misingi ya dini iliteremka kutoka madhabahuni. Huku kwetu, kwa kiasi kikubwa, ilipitia mlango wa jirani.

Wala majirani wa Ufipa hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Roy Willis, mwanazuoni wa mila na desturi aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba Wafipa walipenda kuishi katika vijiji vya nyumba zilizokaribiana, na kwamba kijiji hakikufungwa na ukoo mmoja, bali kiliwakusanya watu wasio ndugu waliokubali kuongea, kunywa na kulima pamoja. Penye desturi ya namna hiyo si ajabu kuwaona watu wa koo mbalimbali wakipiga magoti katika sebule moja. Naam, Sumbawanga ya leo ina wapangaji, watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka Mbeya, Kigoma na Songea, na huenda mtu akahama kabla jirani hajalijua jina la baba yake. Lakini hiyo ni hoja ya kuitaka jumuiya zaidi, si ya kuipuuza.

Ili nisionekane nasifu kwa jumla, hebu tuitazame sala yenyewe. Ni alfajiri ya Jumamosi, labda katika mwezi wa Juni, wakati baridi ya uwanda ulioinuka mita 1,800 hivi juu ya bahari inapowafanya watu wajitande vitenge juu ya masweta. Zamu ni ya nyumba fulani. Mabenchi yamepangwa, na mkeka umetandikwa kwa ajili ya watoto. Wimbo unaanzishwa na mama mwenye sauti, kisha Injili ya Jumapili inayofuata inasomwa, inarudiwa polepole, na kila apendaye anasema neno lililomgusa. Msemi mara nyingi ni mtu asiyesema popote pengine. Anayesahau mafumbo ya rozari anachukuliwa na sauti za wenzake, na asiyejua kusoma anaondoka na Injili moyoni. Mwishoni mwenyekiti anauliza: Mama fulani hatukumwona juma lililopita wala leo, nani atapita kwake? Swali hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko hotuba nyingi. Humo mna sala, mna nasaha, mna sadaka na mna ziara ya mgonjwa, na hakuna hata kimoja kilichohitaji elimu kubwa wala fedha.

Lakini kisha linafunguliwa daftari la mhazini. Kuna mchango wa ujenzi, mchango wa jubilei, mchango wa mapokezi ya mgeni, wa gari, wa sare, wa sherehe ya somo wa jumuiya, na salio la michango ya mwaka jana. Na majina yanasomwa, aliyetoa na asiyetoa, mbele ya watoto. Nimeona sala ya nusu saa ikifuatiwa na hesabu ya saa nzima. Mjane aliyekuja kutafuta faraja anatoka na deni, na juma linalofuata haji. Tena safari hii hapana wa kupita kwake kumwuliza, kwa kuwa kila mtu anadhani anajua sababu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa barua ya mwenyekiti hutakiwa mtu anapotaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzikiwa mpendwa wake, wako wanaokuja si kwa shauku ya Injili bali kwa hadhari ya siku ya mazishi. Wanaume, ambao hawapendi kusomewa majina yao, wamewaachia wake zao ibada yote, kana kwamba dhamiri ya mume hupimwa kwa wakala.

Historia ya Wakristo wengine ina kioja kinachofaa kuzingatiwa hapa. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol huko Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao, wakapatana kwamba kila mmoja atoe peni moja kwa juma, na watu wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kuwapitia nyumbani. Viongozi walipopita kukusanya peni waligundua nani anagombana na mkewe, nani amerudia ulevi, nani ameacha kusali. Na Wesley, ambaye hakuwa mzembe wa kuona, akalifanya lile shauri la fedha kuwa ulinzi wa roho. Vikundi vile vikawa uti wa mgongo wa Wamethodisti. Wao walianza na mchango wakafika kwenye dhamiri. Sisi tulianza na dhamiri, nasi tu mbioni kufika kwenye mchango.

Najua nitakalojibiwa: kanisa halijengwi kwa rozari, na bati haliji kwa kusoma Injili mara mbili. Ni kweli, na Wafipa hawajawa wachoyo kwa kanisa lao. Ninalobishia ni saa na mahali. Halmashauri ya walei ya kila parokia ingeweza kuamua kwamba daftari lisivuke kizingiti cha nyumba ya sala, kwamba hesabu zifanywe kigangoni baada ya ibada ya Jumapili moja katika mwezi, na kwamba jina la asiyetoa lijulikane na mhazini tu. Ingeweza pia kuifuata kalenda ya shamba badala ya kalenda ya ofisi, kwa maana nchi hii ni ya mahindi, maharage na ulezi, na mkulima anayesomewa deni la shilingi katika mwezi wa Februari, akiba yake ikiwa imekwisha na mahindi yangali mabichi, ndiye yule yule ambaye mwezi wa Julai angeleta debe zima bila ya kuitwa jina.