INJINI INASIFIWA, TANIBOI JE?



Wako mabwana hapa Nairobi wasiochoka kusifu malori ya zamani ya Uingereza: Leyland, Albion, Bedford. Maneno yote ni injini, injini! Haya, zilikuwa ngumu, hatukatai. Lakini nani aliyepandisha mzigo toka mjini, Westlands mpaka Kangemi? Dereva, kwa usukani mzito wa kuvunja mabega. Na taniboi alining'inia nyuma, jiwe mkononi, tayari kuruka alitie chini ya gurudumu breki zikishindwa. Usiku alilala uvunguni mwa lori kulinda mali ya tajiri.

N.S.S.F. iliundwa 1965. Wengi waliochakaa kabla ya hapo walirudi kwao mikono mitupu.

Lori kuukuu leo linapakwa rangi, linapigwa picha. Mabwana, mzee taniboi yuko Kawangware na mgongo wake mbovu. Nendeni mkamwulize habari za zile breki.