Mgeni wa Bima Asubiri Barazani



Mtaani kwetu wageni wawili walimpigia hodi bibi mmoja mchana, watoto wako kazini. Salamu kamili, na "mama" kila neno. Walisema wanaandikisha wazee bima ya afya ili watibiwe bure. Wakapiga picha kitambulisho chake, kisha wakamtaka aweke kidole gumba kwenye kimashine. Hakisomi, weka tena. Aliweka mara nne. (Vidole vilivyosuka ukili na kukuna nazi miaka 50 kweli havisomeki upesi, ndiyo maana hakushangaa.) Akawapa na kahawa.

Bima haikuja. Mjukuu alipobonyeza *106# kwenye simu ya bibi, akakuta laini nne ambazo nyumba nzima haizijui. Laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Kwa hiyo mtu akitapeliwa kwa laini hizo, jina litakalotafutwa ni la bibi.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba aliingiwa na shaka jioni ile ile, akanyamaza wiki mbili. Aliogopa kuambiwa "na wewe bibi!" Na kweli, ilipojulikana, mwanawe alimfokea mbele za watu. Surat Al-Israa, aya ya 23, inatukataza hata kuwaguna wazazi, sasa kufoka je? Sisi tunasema kufoka huko ndiko kunakomlinda tapeli, maana mzee aliyefokewa mara moja, mara ya pili hasemi.

Wala tusimwambie awafukuze wageni. Hawezi, na hatutaki aanze uzeeni. Tumpe maneno anayoyaweza: "Kaeni barazani, mwanangu yuko njiani," au "Twendeni kwa sheha." Mwenye kazi ya kweli atakwenda. Mwongo atakumbuka kwamba ana safari.

Bibi harusi unayeingia nyumbani kwa mavyaa, mara nyingi wewe ndiye utakayeulizwa mambo ya simu. Muombe ruhusa, mkae, mbonyeze *106# pamoja. Ujumbe wa matapeli ukiingia, uutume 15040. Na zile picha za kadi ya bima ya mama tunazotupia kwenye kundi la familia lenye watu 80, tuzifute leo.

Laini tatu za bibi zimeshafungwa. Ya nne wanamtaka aende dukani mwenyewe, tena na kidole kile kile.