Kidonda Kimepona, Kaswende Bado Imo

Kaswende ni ugonjwa wa zinaa. Huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria.

Kwanza hutokea kidonda sehemu za siri. Mara nyingi hakiumi. Baada ya wiki chache hupona chenyewe. Mgonjwa hufurahi, akarudi mwaloni au shambani. Lakini vijidudu bado vimo mwilini! Miaka ikipita huweza kuharibu moyo, ubongo na macho. Mama mjamzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, naye akazaliwa amekufa.

Kidonda pia hufungulia njia virusi vya UKIMWI. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, baadhi ya vijiji vilipata huduma bora za kutibu magonjwa ya zinaa. Ilionekana kwamba mahali pengine walipoambukizwa virusi hivyo watu 10, humo waliambukizwa kama 6 tu.

Je, ufanye nini?

1. Nenda zahanati upimwe damu, hata kama kidonda kimepona.
2. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Usijinunulie vidonge dukani.
3. Nenda na mwenzako. Ukitibiwa peke yako, atakuambukiza tena.
4. Msikutane kimwili mpaka mganga awaruhusu.
5. Mama mjamzito aende kliniki mapema, pamoja na mumewe, wapimwe wote.
6. Uwe mwaminifu kwa mwenzako, au tumia kondomu.

Usione haya. Wahenga walisema: Mficha uchi hazai.