Nyimbo za Mgodini Kutoka Hispania

Wanaomwongoza mgeni wa flamenco, muziki wa Andalucía ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2010, aghalabu humwanzisha na kipande “Entre dos aguas” cha mpiga gitaa Paco de Lucía, kwa kuwa ni chepesi na mahadhi yake huchezeka. Nami sina ugomvi nacho kipande hicho, illa kwa msikilizaji aliyekulia Geita, Kahama au Mwadui, ambako riziki ya nyumba nyingi hutoka chini ya ardhi, naona mlango ulio karibu zaidi ni mwingine, nao umo katika santuri iyo hiyo ya mwaka 1973.

Kipande kilichoipa santuri jina lake, “Fuente y caudal”, ni taranta, yaani ni cha aila ya nyimbo za wachimbaji, ambazo watu wa Almería walizichukua karne ya kumi na tisa walipohamia milima ya La Unión na Cartagena kutafuta madini ya risasi na fedha. Taranta haina makofi wala mwendo wa kuchezea; gitaa huziacha nyuzi zisizobanwa zivume kandoni mwa zilizobanwa, hata mgeni akadhani limepotoka sauti, kumbe ukali ule umekusudiwa. (Isisikilizwe karibu na karasha la kupondea mawe; ni kuidhulumu.)

Msukuma aliyezoea bugobogobo, ngoma ya jembe, asitazamie undugu wa haraka. Wimbo wa jembe ni wa jamaa, huimbwa ili kazi iende na mikono ishuke pamoja. Taranta ni ya mtu mmoja, na maskani yake yalikuwa mikahawa kama ule wa Rojo el Alpargatero pale La Unión, mchimbaji alipokwisha toka shimoni na kupata wasaa wa kuyataja yaliyompata humo.

Katika waimbaji, Antonio Chacón, aliyefariki mwaka 1929, ndiye aliyezitukuza nyimbo hizi kuliko wote, lakini santuri zake zimejaa mikwaruzo, na sikio changa huchoka upesi; kwa hiyo heri kutangulia na ile ya mwaka 1977 ambayo Enrique Morente aliimba kwa heshima yake, gitaa likiwa mikononi mwa Pepe Habichuela. Kisha afuate Miguel Poveda, mzaliwa wa Barcelona aliyetwaa Taa ya Mchimbaji mwaka 1993, tunzo kuu ya mashindano yaliyoanza La Unión mwaka 1961 na ambayo hufanyika katika soko kuukuu la mji. Migodi ya huko ilifungwa mwaka 1991, mashindano hayakufungwa. Na sisi Watanzania, ambao mgodi wetu wa Geita ulifungwa mwaka 1966 na kufunguliwa tena mwaka 2000, sijui kuwa tuna jukwaa lolote la nyimbo za maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na hilo naliona ni aibu yetu.

Mwimbaji La Niña de los Peines nimemweka mwisho kwa makusudi. Mikwaruzo ya santuri zake si haba kuliko ya Chacón, na sauti yake haibembelezi mtu. Lakini aliyekwisha zoea taranta kwa hao wengine hatausikia mkwaruzo.