Zamu Iliyoachwa Wazi Katika Umeme wa Ulaya

Jumatatu ya tarehe 28 Aprili 2025, saa 6:33 mchana, umeme ulizimika Hispania na Ureno kwa mkupuo mmoja. Haukuwa usiku wa dhoruba, wala hapakuwa na adui aliyerusha bomu. Jua lilikuwa likiwaka vizuri na watu walikuwa kazini. Katika muda wa sekunde 5 tu Hispania ilipoteza gigawati 15 za umeme, ambazo ni kiasi cha asilimia 60 ya umeme wote uliokuwa ukitumika nchini saa ile. Treni zilisimama baina ya stesheni, lifti zikakwama na watu ndani, taa za barabarani zikafa, na simu nazo zikanyamaza. Serikali ya Hispania iliwapanga polisi wapatao 30,000 nchini kote, na abiria wapatao 35,000 ikabidi waokolewe katika treni za juu na za chini ya ardhi. Askari polisi wa Madrid alisimama katikati ya njia panda akiongoza magari kwa mikono na filimbi, kazi ambayo mwenzake wa Kampala anaijua sana. Iliripotiwa pia kwamba wapo waliopoteza maisha, na baadhi yao waliuawa na moshi wa jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba.

Ndugu wapiganaji na ndugu polisi, nayaandika haya kwa sababu taa zizimikapo ni sisi tuitwao kwanza. Raia hamwiti mhandisi. Humwita mwenye sare. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mambo ya umeme ni ya wataalamu peke yao.

Giza halijaondoka Hispania, mashtaka yalikuwa yamekwisha andikwa, na mshitakiwa alikuwa jua. Ni kweli kwamba saa ile zaidi ya nusu ya umeme wa Hispania ulitoka katika paneli za sola. Basi wale ambao tangu zamani hawakuipenda nishati ya jua na upepo wakapata la kusema: mnaona, mambo ya Ulaya hayo, wamefunga mitambo ya makaa na kuuza usalama wao kwa mawingu. Hoja hiyo nimeisikia hata katika mesi yetu ya maofisa, tena ikitolewa na watu wenye akili timamu. Mimi siikubali, na sababu zangu ni hizi.

Umeme katika nyaya una mambo mawili ya kulindwa kila sekunde. La kwanza ni masafa, yaani kasi ya mapigo yake, ambayo Ulaya na kwetu pia ni mapigo 50 kwa sekunde moja. Hili kila aliyepita uwanja wa kwata atalielewa: mashine zote za nchi nzima huzunguka kwa hatua moja, kushoto kulia, na mmoja akichelewa wengine humvuta. La pili ni volteji, yaani msukumo wa umeme katika waya, nayo hufanana na msukumo wa maji katika bomba. Ukipungua, mfereji hautoi kitu. Ukizidi, bomba hupasuka. Ndiyo maana kila mtambo huwekewa kinga ya kujitoa wenyewe katika gridi volteji ipandapo kupita kiasi, ili usiungue.

Hispania iliangushwa na hilo la pili. Asubuhi ile volteji ilikuwa ikiyumbayumba, na baada ya saa 6 mchana gridi ilitikisika mara mbili kwa namna ambayo wahandisi hawakuizoea. Volteji ikapanda. Mtambo mmoja ukajitoa, na kwa kujitoa kwake volteji ikapanda zaidi, ikautoa wa pili, nao ukautoa wa tatu. Wataalamu wa umoja wa waendeshaji gridi wa Ulaya walieleza katika taarifa yao ya Oktoba 2025 kwamba Ulaya haikupata kuona gridi ikianguka kwa namna hiyo, yaani kwa volteji kupanda mfululizo. Mitambo haikukosa nguvu. Umeme ulikuwapo tele.

Sasa tuulize swali la kijeshi: nani alikuwa zamu?

Taarifa ya Serikali ya Hispania iliyotolewa Juni 2025 ilijibu. Kwa siku ile mwendeshaji wa gridi alikuwa amepanga mitambo mikubwa 10 ya mashine zizungukazo, ya gesi na ya nyuklia, ili ishike kazi ya kuituliza volteji. Siku moja kabla, mtambo mmoja ulitoa habari kwamba hautapatikana. Nafasi yake haikujazwa. Na katika ile iliyobaki, taarifa hiyo yasema, ipo ambayo haikuimeza volteji iliyozidi kwa kadiri ilivyopasa, ingawa hulipwa kwa kazi hiyo. Mwendeshaji wa gridi ameyatupia lawama makampuni yenye mitambo, nayo makampuni yamemrudishia yeye. Ubishi huo sitauamua mimi.

Lakini orodha ya zamu yenye nafasi moja wazi naifahamu. Nilipokuwa chuo cha makadeti, jioni moja mwenzetu aliyepangiwa lindo la ghala aliugua, akaripoti kama itakiwavyo. Afisa wa zamu aliitazama orodha, akaona waliobaki ni wengi, akasema usiku utakuwa mtulivu. Asubuhi pampu ya maji haikuwapo. Mahojiano yalichukua siku tatu, na kila mlinzi alithibitisha kwamba yeye alikuwa mahali pake. Walikuwa wakisema kweli wote. Ghala ndilo lililokuwa halina mtu.

Kuna jambo jingine la Hispania ambalo kwangu ni zito kuliko hilo la mtambo mmoja. Mashamba ya sola na ya upepo, ambayo yalikuwa yakitoa sehemu kubwa kabisa ya umeme, hayakuwemo katika orodha ile kwa sababu kanuni za nchi hazikuyapa kazi hiyo. Kila shamba lilitakiwa liutoe umeme wake kwa kipimo kilichokwisha wekwa, volteji ipande au ishuke. Na si kwamba vifaa vyake haviwezi. Inveta za siku hizi, yaani zile mashine zinazougeuza umeme wa paneli uwe wa kufaa gridi, zinaweza kuitazama volteji na kuisahihisha kwa upesi unaozidi mashine kubwa. Walikuwepo askari maelfu kambini wenye silaha mkononi, lakini amri ya siku ilisema hao hawalindi. Mwezi wa Juni 2025, baada ya hasara, ndipo mdhibiti wa soko akaidhinisha kanuni mpya ya kuwaingiza katika zamu. Waliokuwa wakiiomba kanuni hiyo walikuwa wameiomba kwa miaka.

Ya Hispania naiona kuwa sura ya sera nzima ya Ulaya. Kwa zaidi ya miaka 20 Umoja wa Ulaya umekuwa hodari wa kutaja idadi. Mwaka 2009 uliazimia kwamba ifikapo 2020 asilimia 20 ya nishati yake yote itoke katika vyanzo visivyokwisha, yaani jua, upepo, maji na vinavyofanana navyo. Mwaka 2018 ukataja asilimia 32 kwa 2030, na mwaka 2023 ukapandisha hadi 42.5. Wala idadi hizo hazikubaki maneno matupu. Mwaka 2024 karibu nusu ya umeme wa nchi za Umoja huo ulitoka katika vyanzo hivyo. Ni kazi kubwa, na asiyeisifu ana husuda. Lakini mtambo wa kuzalisha umeme hupigwa picha na waziri akikata utepe. Waya haupigwi picha. Kazi ya kuituliza volteji haionekani kwa macho hata kidogo, wala haina siku ya sherehe.

Wajerumani walilipia kosa hili kwa namna yao. Upepo wao uko kaskazini kando ya bahari, na viwanda vyao vingi viko kusini. Njia kubwa ya kuushusha umeme huo, iitwayo SuedLink, yenye urefu wa kilomita 700 hivi, ilitazamiwa kuwa tayari mwaka 2022. Wananchi walikataa nguzo karibu na nyumba zao, na mwaka 2015 ikaamuliwa nyaya zizikwe ardhini. Sasa inatazamiwa mwaka 2028. Wakati huo wote, upepo uvumapo sana kaskazini, mashamba ya upepo huamriwa kupunguza umeme na wenyewe hulipwa fidia, huku mitambo ya kusini ikilipwa iwashwe kujaza pengo. Na kabla hatujacheka, tukumbuke jirani zetu wa Kenya, ambao gridi yetu imefungamana na yao tangu miaka ya 1950. Shamba la upepo la Turkana, lenye megawati 310, lilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme wake Suswa haikuwashwa hadi Septemba 2018. Kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi ya njia hiyo ilifilisika katikati, na Kenya ikalipa fidia kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia.

Wale wasemao kwamba Ulaya irudi katika gesi wanasahau upesi mno. Mwaka 2021 kiasi cha asilimia 45 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi. Vita ya Ukraine ilipopanuka Februari 2022, mabomba yakafungwa moja baada ya jingine, bei zikapaa, na Septemba mwaka huohuo mabomba ya Nord Stream yakalipuliwa chini ya bahari. Nchi ambayo moto wa jiko lake umeshikwa na mkono wa mwingine haiwezi kusema kwa sauti yake. Jua la Hispania halifungwi na mtu.

Walioielewa hesabu hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Estonia, Latvia na Lithuania. Tangu enzi za Kisovieti gridi zao zilikuwa zikienda kwa mapigo yaliyoshikwa Moscow. Tarehe 8 Februari 2025 wakajikata, wakakaa peke yao usiku mmoja, na kesho yake wakajiunga na gridi ya bara la Ulaya. Maandalizi yao ndiyo ya kutazamwa. Walipanga kusimamisha mashine 9, tatu kwa kila nchi, ambazo hazizalishi umeme hata wa kuwasha taa moja. Kazi yake ni kuzunguka tu, nzito, usiku na mchana, ili kuyashikilia mapigo na volteji pale gridi itakaposukumwa. Umoja wa Ulaya ulilipa sehemu kubwa ya gharama. Raia wa kawaida angeuliza kwa nini tununue mashine isiyotoa umeme. Mwenye kupata kusimama lindoni usiku kucha bila kufyatua risasi haulizi.

Hata hivyo kujiandaa hakukuwaondolea hatari. Siku ya Krismasi ya 2024 kebo ya umeme iitwayo Estlink 2, kati ya Finland na Estonia, ilikatika chini ya bahari. Polisi na walinzi wa mpaka wa Finland walishuka kwa helikopta juu ya meli ya mafuta Eagle S, iliyoshukiwa kuiburuta nanga yake juu ya kebo. Kebo ilirudi kazini miezi sita baadaye, lakini Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki iliitupa kesi kwa kuwa haikuwa na mamlaka juu ya tukio lililotokea nje ya bahari ya nchi. Polisi walifanya kazi yao ipasavyo, na sheria ikawaacha mikono mitupu. Hapo pia palikuwa na nafasi isiyojazwa, safari hii katika vitabu vya sheria.

Hispania nayo ina upungufu wa nyaya. Mwaka 2002 viongozi wa Ulaya walikubaliana kwamba kila nchi iwe na njia za kuvuka mpaka zenye uwezo usiopungua asilimia 10 ya mitambo yake, na Hispania haijaufikia mpaka huo hadi leo. Umeme uwezao kupita kati yake na Ufaransa ni megawati 2,800 hivi. Kebo inayolazwa katika Ghuba ya Biscay itaufikisha 5,000, nayo inatazamiwa mwaka 2028. Katika muda huu mwendeshaji wa gridi huwasha mitambo ya gesi mingi zaidi ya ile aliyoipanga Aprili 2025, hata siku ambazo jua lingetosha, ili volteji isikose mshikaji. Gharama ya zamu hiyo ya ziada huandikwa katika ankara ya kila mwananchi.