Nani Anamlinda Rubani Anayesema "Hatuendi"?

Kila ndege inapoanguka nchini Kenya, maswali ya kwanza huwa mawili: je, mashine ilikuwa nzima, na rubani alikuwa na saa ngapi za kuruka? Ni maswali halali. Ila yanaacha nje lile ambalo kwangu lina uzito zaidi: kabla injini haijawashwa, rubani angeweza kukataa safari na bado akabaki na kazi?

Bonde la Ufa la kati ni mahali pake pa kuuliza hilo. Nakuru iko kwenye mwinuko wa futi 6,000 hivi. Mashariki kuna milima ya Aberdare, ambako kilele cha Lesatima kinapita futi 13,000. Magharibi ni Mau, na juu ya mji wenyewe ni Menengai. Anga linaweza kuwa jeupe asubuhi, na kufikia alasiri mawingu yamejazana kwenye kingo za bonde. Joto nalo lina hila yake. Siku ya nyuzi 28, hewa ya Nakuru huwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 9,000. Injini hupungukiwa nguvu, na helikopta iliyotoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi na abiria watano inaweza kushindwa kuwainua hao hao kutoka uwanja wa shule saa nane mchana. Hesabu hiyo imo kwenye kitabu cha ndege, na haimjui mheshimiwa.

Tarehe 5 Juni 2018, ndege ya kampuni ya FlySax aina ya Cessna Caravan iliondoka Kitale kuelekea Nairobi ikiwa na abiria wanane na marubani wawili. Ilivuka bonde hili ikagonga milima ya Aberdare, upande wa Kinangop, kwenye mwinuko wa karibu futi 11,000. Mabaki yalionekana siku mbili baadaye, kwa kuwa hali mbaya ya hewa iliwatatiza watafutaji pia. Wote kumi walifariki.

Siwezi kuingia vichwani mwa marubani wale, wala sina haja. Naitazama njia yenyewe. Caravan haina kebini inayoshindiliwa hewa. Kanuni za kimataifa zinataka marubani wa ndege kama hiyo wawe na oksijeni wakikaa juu ya futi 10,000 kwa zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo kuipita Aberdare kwa nafasi ya kutosha, au kuizunguka, kuna gharama: mitungi, mafuta, dakika. Gharama hizo hupangwa ofisini, na anayezipanga mara nyingi si yule aliyeshika usukani. Ukitaka kujua kampuni inaithamini vipi hatari, usisome kaulimbiu iliyoandikwa ukutani; tazama ratiba na bajeti ya mafuta.

Kuna watakaosema sheria imeshamaliza jambo hili, kwamba nahodha ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege yake. Ni kweli, kanuni za kimataifa zinasema hivyo. Lakini mtazame rubani kijana aliyekamuliwa mamilioni ya shilingi kupata leseni ya biashara, anayezihitaji saa za kuruka kama chakula, na anayejua kwamba akikataa leo, kesho mteja atampigia simu mwingine. Neno la mwisho analo. Anachokosa ni wa kumkinga baada ya kulitamka.

Shinikizo hilo huzidi msimu wa kampeni. Tarehe 21 Oktoba 2017, siku tano kabla ya marudio ya uchaguzi wa urais, helikopta iliyokuwa ikiwapeleka watu kwenye shughuli za kampeni Narok iliondoka hotelini Nakuru ikatumbukia Ziwa Nakuru. Waliokuwemo, watano, waliangamia, na msako majini ukachukua wiki kadhaa. Sisemi kwamba shinikizo ndilo lililoiangusha. Sina msingi wa kusema hivyo. Nasema tu kwamba ratiba za siasa zetu, mikutano mitano kwa siku na jua likikaribia kuzama, huwaweka marubani mahali ambapo busara inakuwa ghali. Anayeruka kwa kutazama ardhi akiingia mawinguni hana muda wa kutafakari. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vyombo pekee. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, baada ya wastani wa sekunde 178.

Ndiyo maana uamuzi mzuri hufanywa chini, mapema, kwa tarakimu. Mawingu yakiwa chini ya kiwango hiki, siendi. Mafuta yakifika hapa, nageuza. Nikiwa sijalala saa kadhaa, ndege haitoki. Wenye makampuni hulalamika kwamba wapo marubani wanaokataa kwa uvivu, na pengine wapo. Viwango vilivyoandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili huwatenganisha wavivu na waangalifu, maana kukataa kunakaguliwa kama kukubali.

Wakazi wa Nakuru wanaujua mfano ulio karibu. Kwa miaka mingi tuliwalaumu madereva wa malori kwa vifo vya barabarani Salgaa na Sachangwan, na lawama hazikupunguza maiti. Ni baada ya ajali ya Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, ndipo pande mbili za barabara zikatenganishwa. Anga nalo linahitaji ukuta wake. Marekani ina mfumo wa kuripoti makosa kwa siri tangu 1976, unaoendeshwa na NASA, shirika la anga za juu la nchi hiyo, ambalo si mwajiri wa rubani wala msimamizi wa leseni yake. Rubani wa Wilson anastahili mlango kama huo.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, iagize kabla ya hapo kwamba kila mkataba wa kukodi helikopta uwe na kifungu kinachomlipa rubani siku aliyokataa kuruka kwa sababu za usalama, na kinachomzuia mteja kudai abadilishwe kwa sababu hiyo. Nawe uliyekodi chopa, rubani akikuambia mtalala Nakuru, tafuta chumba.